Ondoa Kungoja: Mwongozo Kamili wa Kuongoza Timu ya Madevelopa

Ukimkuta developa ameegemea kiti saa nane mchana, mikono haigusi kibodi, usimhukumu kwanza. Muulize anangoja nini. Mara nyingi atakuwa na jibu, na jibu hilo ndilo kazi yako ya siku hiyo.

Nimeongoza timu za watu wanne hadi kumi na mmoja hapa Dar es Salaam, nyingi zikiwa za mifumo ya malipo: ada za shule, michango ya vikoba, ankara za maduka ya jumla. Kila nilipokaa kuhesabu siku zimepotelea wapi, nilikuta kuandika msimbo (code) hakukuwa kumekula muda mwingi kama tulivyodhani. Muda uliliwa na kungoja. Kungoja nywila ya seva ambayo anayo mtu mmoja tu. Kungoja jibu la swali lililotumwa WhatsApp tangu juzi. Kungoja mwenzako apitie kazi yako, mtandao urudi, mkurugenzi aamue kama mzazi aruhusiwe kulipa nusu ada. Hatua zinazofuata nimezipanga kwa utaratibu ambao ningeufuata mimi mwenyewe nikikabidhiwa timu mpya Jumatatu ijayo.

Hatua ya 1: Wiki mbili za kuandika tu

Usibadilishe chochote bado. Chukua daftari la kawaida, na kila jioni kabla watu hawajaondoka muulize kila mmoja: leo ulikwama wapi, na kwa muda gani? Andika vitu vitatu: kazi gani, alikuwa anangoja nini, saa ngapi zilipita. Jina la aliyekwama usiliandike kabisa. Wengi wameshafanya kazi chini ya mabosi ambao daftari la namna hiyo lilikuja kusomwa siku ya kukatana mishahara, na wakihisi harufu hiyo watakujibu kwamba kila kitu kinaenda vizuri. Waeleze siku ya kwanza daftari ni la nini, na liache mezani, wazi, kila mtu alisome.

Mwisho wa wiki ya pili jumlisha saa kwa kila aina ya kungoja. Kwangu mimi tatu zimekuwa juu karibu kila mahali: kungoja mapitio ya msimbo, kungoja mazingira ya majaribio ya kampuni za malipo (mifumo yao ya kujaribia bila fedha halisi), na kungoja uamuzi wa biashara. Kwako huenda ikawa tofauti. Anza na lililo zito zaidi, hata kama mwongozo huu umeliweka hatua ya tano.

Hatua ya 2: Kazi iandikwe ieleweke na ambaye hakuwa kwenye kikao

Kazi iliyoandikwa "Rekebisha malipo" itamkalisha developa nusu siku akiuliza. Ninaandika kila kazi kwa sehemu tatu: nani anapata shida gani, mambo yakiwa sawa ataona nini, na tutajaribuje kuthibitisha. Mfano:

"Mzazi akilipa ada halafu ujumbe wa uthibitisho ukachelewa, hubonyeza tena, na mfumo unahesabu malipo mawili. Tunataka bonyezo la pili ndani ya dakika 10, kwa mwanafunzi yuleyule na kiasi kilekile, limuulize kwanza kama kweli anataka kulipa tena. Jaribio: tuma ombi mara mbili; salio la mwanafunzi lipungue mara moja tu."

Mistari mitano, na developa anaweza kuanza bila kunitafuta. Kama wewe mwenyewe huwezi kuijaza sehemu ya tatu, kazi haijaiva. Irudishe kwa aliyeiomba.

Kazi yenyewe iwe ndogo. Ikizidi siku tatu, ikate. Kukata ni ustadi, na madevelopa wachanga hukata vibaya: mmoja anajenga kanzidata (database) yote, mwingine skrini zote, na mpaka wiki ya nne hakuna hata kitu kimoja kinachofanya kazi. Kata kama unavyokata keki, kila kipande kiwe na tabaka zote. Wiki ya kwanza mzazi mmoja aweze kulipa ada kamili kwa mtandao mmoja wa simu, kuanzia skrini hadi kanzidata. Malipo ya nusu, mitandao mingine na risiti za PDF vitafuata.

Hatua ya 3: Punguza kazi zilizofunguliwa

Hapa ndipo viongozi wengi hunibishia, kwa hiyo nitatumia hesabu. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni moja ya foleni: idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mfumo kwa wastani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kitu hukaa humo. Ni hesabu ileile kwa foleni ya benki na kwa timu ya programu. Kama timu yako humaliza kazi 3 kwa wiki na kuna kazi 15 zimefunguliwa, kazi moja itachukua wastani wa wiki 5 tangu ianzwe hadi imalizike. Bakiza 6 wazi, kwa kasi ileile, na itachukua wiki 2. Hakuna aliyekimbia zaidi.

Kwa vitendo: bandika ubao ukutani au tumia wa kwenye kompyuta, uwe na safu za "Inangoja", "Inafanywa", "Inapitiwa", "Imepanda" (yaani imeshawekwa kwenye seva na watumiaji wanaitumia). Safu mbili za katikati zikijumlishwa zisizidi idadi ya watu wa timu. Zikijaa, hakuna kufungua mpya. Aliyemaliza yake anamwendea mwenzake na kuuliza, "Nikusaidie nini hii iishe?" Wazo la kuweka kikomo namna hii lilianzia viwandani Toyota, na nguvu yake yote imo katika kukataa. Ukiruhusu kazi moja ya ziada "mara hii tu", ubao umekufa.

Dharura zitakuja. Weka nafasi moja ya dharura, na uandike dharura ni nini. Yetu ilikuwa na mistari miwili: fedha ya mteja imepotea au haionekani; watu hawawezi kulipa. Ofisi ya mauzo ikija na logo ya mteja mpya iliyopinda, inaingia "Inangoja" kama nyingine. Wape majibu kwa heshima na uwaonyeshe ubao. Watu wa mauzo wakiona foleni kwa macho yao huelewa haraka kuliko wakielezwa.

Hatua ya 4: Laptopu ifanye kazi siku ya kwanza, na bila intaneti

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Tanzania iliumia sana. Jumatatu yake kulikuwa na timu zilizokaa bila kazi kwa sababu kila kitu chao, hadi kanzidata ya majaribio, kilikuwa Ulaya. Na kulikuwa na timu zilizoendelea. Tofauti yao ilitengenezwa miezi kabla.

Developa aweze kuendesha mfumo mzima kwenye laptopu yake kwa amri moja, mtandao ukiwa umezimwa. Tumia Docker (programu inayofunga mfumo pamoja na vyote unavyohitaji) au njia yoyote mnayoiweza. Cha msingi ni kwamba faili la maelekezo liko pamoja na msimbo na limejaribiwa. Kulijaribu ni rahisi: siku mtu mpya anapoanza kazi, mkalishe alifuate peke yake, wewe kaa pembeni ukiandika kila mahali alipouliza. Yale maswali ndiyo makosa ya faili. Arekebishe mwenyewe kabla hajaondoka jioni, na hayo yawe mabadiliko yake ya kwanza kwenye mfumo wenu.

Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, inakusaidia hapa kuliko wengi wanavyojua. Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya watu wanaojenga Linux wakiwa wametawanyika duniani, na ndiyo maana kila laptopu hubeba historia nzima ya mradi. Mtandao wa nje ukikatika bado mnaweza kuhifadhi mabadiliko, kufungua matawi (nakala za kando za kufanyia kazi), na hata kupelekeana kazi kupitia ruta ya ofisini. Maktaba za msimbo zinazopakuliwa kila siku ziwekee nakala kwenye mashine moja hapohapo ofisini. Utaokoa na bando.

Sasa kitu ambacho kimetuokolea muda kuliko vyote: kampuni ya malipo ya bandia. Mazingira ya majaribio ya kampuni za simu hulala mara kwa mara, na ukipiga simu unaambiwa utume barua pepe. Andika programu ndogo inayojifanya ni kampuni ya malipo: inapokea ombi, inangoja sekunde chache, inarudisha majibu. Mtu mmoja ataimaliza kwa siku tatu hivi. Lakini usiifanye yenye tabia njema tu. Ifundishe ubaya wote unaotokea kwenye maisha halisi: inyamaze kabisa, ilete majibu yaleyale mara mbili, ilete "imeshindikana" na baada ya dakika mbili ilete "imefanikiwa", ilete kiasi tofauti na kilichoombwa. Timu iliyojenga dhidi ya kampuni hiyo katili itagundua mapema kwamba kila ombi linahitaji namba yake ya kumbukumbu isiyojirudia, na kwamba kanzidata yenyewe ndiyo ikatae namba hiyo kuingia mara mbili. Timu ambayo haikuijenga italigundua hilo Januari, shule zikifunguliwa, wazazi wakiwa kwenye simu.

Nywila na funguo za seva ziwe kwenye hifadhi ya nywila, na kila moja ifikiwe na watu wasiopungua wawili. Nimeona kazi ya timu nzima ikilala siku nne kwa sababu mwenye nywila alikuwa kwenye msiba Kigoma. Hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa letu tuliomwachia mzigo huo peke yake.

Hatua ya 5: Mapitio yahesabiwe kwa saa

Developa amemaliza kazi Jumanne mchana, imepitiwa Ijumaa. Siku hizo tatu amefungua kazi nyingine, na maoni yakija inabidi aache hiyo, arudi kukumbuka alichokuwa anafikiri Jumanne. Analipa mara mbili. Kanuni yetu: kila asubuhi kabla hujagusa kazi yako, pitia iliyokungoja, tena baada ya chakula cha mchana. Hakuna mabadiliko yanayolala zaidi ya siku moja ya kazi bila jicho la mtu.

Ili hilo liwezekane mabadiliko yawe mafupi. Mistari 200 mtu ataisoma kwa makini. Ukimletea 2,000 ataandika "safi" na kuipitisha, na hilo ni pito la jina tu. Mambo ya nafasi, mabano na mpangilio yaachie programu ya kupanga msimbo, ifanye kazi hiyo yenyewe kila mtu anapohifadhi. Binadamu wabishane juu ya mambo yanayostahili binadamu: je, fedha inaweza kupotea hapa? Je, anayekuja mwakani ataelewa?

Mwandishi wa maoni aseme wazi lipi ni la lazima na lipi ni pendekezo. Kijana mpya akipata maoni 15 bila kujua yepi ni ya lazima, atabadilisha yote kwa woga na hatajifunza hata moja.

Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, na zana nyingine za kuandikiwa msimbo, hatua hii imekuwa nzito zaidi. Msimbo unaandikwa haraka, kwa hiyo foleni imehamia kwenye mapitio. Sizikatazi zana hizo. Ninadai kitu kimoja: anayeleta mabadiliko aweze kueleza kila mstari kwa mdomo wake, bila kusoma. Akishindwa, kazi hairudi kwenye zana, inarudi kwake.

Hatua ya 6: Linda asubuhi

Saa tatu hadi saa sita mchana pasiwe na kikao. Mtu anayeshikilia kichwani njia ya shilingi kutoka simu ya mzazi hadi akaunti ya shule akikatizwa kwa "dakika moja tu, kaka", hapotezi dakika moja; anaanza upya kuijenga picha yote. Kikao cha asubuhi cha kusimama kiwe dakika 15, kianze saa tatu kasoro robo, kiulize kuhusu kazi zilizo ubaoni na kilichokwama. Vikao vingine vyote baada ya saa nane.

Lakini saa hizo zifuate maisha ya watu. Mwezi wa Ramadhani wenye kufunga wana nguvu ya kufikiri asubuhi, basi kazi ngumu iende huko na jioni waachiwe wawahi futari. Masika bonde la Jangwani likifurika na barabara ikafungwa, anayetoka upande wa pili afanye kazi nyumbani bila kuomba ruhusa kwa barua. Anayekaa Kibaha au Mbagala mwache aingie saa nne kama anatoka saa kumi na mbili. Saa mbili za foleni ni saa mbili ambazo hamkuzipata wewe wala yeye.

Hatua ya 7: "Sawa kaka, nimeelewa"

Kama ningeruhusiwa kubakiza hatua moja tu, ningebakiza hii.

Tumelelewa kutombishia mkubwa. Kijana aliyetoka chuo jana, ukimweleza kazi kwa dakika ishirini halafu ukamuuliza "Umeelewa?", atasema ameelewa. Atasema hivyo hata kama alipotea dakika ya tatu. Kisha atakaa siku mbili akihangaika kimya, na jioni kwenye daftari lako atasema hakukwama. Huyu hakudanganyi kwa ubaya. Anakuheshimu kwa namna aliyofundishwa nyumbani. Ukimkemea kwa hilo utamfanya afiche zaidi.

Kwa hiyo acha kuuliza kama ameelewa. Uliza: "Utaanzia wapi?" Akikueleza hatua zake mbili za mwanzo utajua papo hapo. Uliza pia: "Unadhani wapi patakusumbua?" Swali hilo linamwambia kwamba kusumbuka kunatarajiwa.

Weka kanuni ya dakika 45. Ukikwama dakika 45 bila kusogea, unalazimika kuuliza, na unauliza kwenye kundi la timu, si kwa ujumbe wa faragha kwangu. Kwenye kundi kwa sababu wenzake watatu wana swali hilohilo, na kwa sababu jibu litabaki pale kwa atakayefuata. Wiki za kwanza hakuna atakayeuliza. Anza wewe. Andika: "Jamani, nimesoma sehemu hii ya marejesho ya fedha mara tatu sijaielewa, nani anaweza kunielekeza?" Iwe kweli hujaelewa, watu hutambua maigizo. Mara ya tatu au ya nne ya kiongozi kusema "sijui" mbele ya wote, mdogo kabisa atafungua mdomo. Akifungua, angalia sana anayejibu kwa kejeli. Mtu mmoja wa namna hiyo, hata awe hodari vipi, anafunga midomo sita. Mwite pembeni siku hiyohiyo.

Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza makosa ya dawa hospitalini miaka ya 1990, akitegemea kukuta timu bora zina makosa machache. Takwimu zilimwonyesha kinyume: timu zilizoongozwa vizuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Alipofuatilia aliona kwamba watu wa timu hizo walikuwa huru kuyasema. Ninaikumbuka habari hiyo kila kiongozi anaponiambia timu yake haina matatizo.

Kuna upande mwingine ambao hauandikwi sana. Huenda wewe kiongozi una miaka 29 na unamwongoza mtu wa miaka 48 aliyeanza kuandika programu ukiwa shule ya msingi. Shikamoo yake ibaki palepale. Kumrekebisha, mrekebishe mkiwa wawili, na anza kwa kuomba: "Mzee, naomba unifafanulie kwa nini umechagua njia hii." Nusu ya mara hizo utakuta ana sababu ambayo hukuijua. Nusu nyingine ataliona kosa mwenyewe wakati akieleza, na heshima yake haijaguswa. Mpe pia kazi ya kulea vijana wawili kwa jina na kwa ratiba, kwa kuwa maarifa yake yakikaa kichwani mwake tu, mnajenga kungoja kwingine.

Kila wiki mbili kaa na kila mtu nusu saa, nje ya ofisi mkiweza, kwenye chai. Usiulize habari za kazi zilizo ubaoni, ubao unazisema. Uliza nini kinamchosha, anataka kujifunza nini, nyumbani wako salama. Uliza pia waziwazi kuhusu kazi za pembeni, maana mjini hapa madevelopa wengi wanazo. Anayejua hutamfukuza kwa hilo atakuambia wiki anayodaiwa, nanyi mtapanga. Anayeogopa atasinzia kwenye kibodi bila wewe kujua sababu. Na kama mshahara umechelewa, hakuna hatua yoyote humu itakayofanya kazi mpaka ulipwe. Nenda kaupiganie.

Hatua ya 8: Pandisha kidogo, mara nyingi, na ujue kurudi nyuma

Agosti 1, 2012, kampuni ya kununua na kuuza hisa ya Knight Capital ya Marekani ilipandisha programu mpya kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika. Ya nane ikaamsha msimbo wa zamani ambao haukuwa ukitumika tena. Ndani ya dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Kazi ya kupandisha ilikuwa inafanywa kwa mkono.

Kupandisha kuwe amri moja, ileile kwa kila mtu, na kurudi nyuma nako kuwe amri moja. Fanyeni zoezi la kurudi nyuma mara moja kwa mwezi hata kama hakuna kilichoharibika. Majaribio ya kujiendesha yaanze na njia za fedha. Zikishakuwa na ulinzi, ongeza kwingine taratibu. Msipandishe Ijumaa alasiri wala siku za mwisho wa mwezi mishahara inapoingia.

Mambo yakiharibika, mmoja aongoze, mmoja aandike saa na tukio, wengine watatue. Kiongozi wa timu awe ukuta: simu zote za wakubwa zije kwako. Baada ya siku mbili, watu wakiwa wamelala vizuri, kaeni saa moja. Swali la kumtafuta aliyebonyeza halina faida. Uliza: wakati ule anabonyeza, nini kilimfanya aone ni sahihi? GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa watu mtandaoni, walitoa mfano mzuri Januari 31, 2017. Mhandisi wao mmoja, akiwa amechoka usiku, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe, na ikabainika kwamba njia zao za kuhifadhi nakala hazikuwa zikifanya kazi. Walieleza yote hadharani, wakarusha hadi kazi ya kurejesha moja kwa moja YouTube, na hawakumfukuza. Kilichotibiwa ni nakala zisizojaribiwa. Nenda kazijaribu zako wiki hii: chukua nakala ya jana, irejeshe kwenye mashine tupu, hesabu malipo yaliyomo.

Hatua ya 9: Jibu la "lini?"

Usimuulize developa mbele ya mkurugenzi. Angalia kazi kumi za mwisho zinazofanana na hii: ngapi zilichukua siku ngapi tangu kuanza hadi kupanda? Kama nane kati ya kumi zilimalizika ndani ya siku 9, sema siku 9, na useme umeipata wapi. Kila wiki mbili waonyeshe wakubwa kitu kinachofanya kazi kwenye simu, hata kidogo. Mkurugenzi anayeona huuliza "lini" mara chache.

Kazi ikichelewa utaambiwa uongezewe watu. Fred Brooks, aliyesimamia ujenzi wa mfumo endeshi wa OS/360 wa IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hesabu iko wazi: watu 4 wana njia 6 za kuzungumza wawili wawili, watu 8 wana 28, watu 12 wana 66. Na wapya watafundishwa na nani kama si walewale waliochelewa? Omba kupunguziwa mambo ya kujenga, au tarehe. Watu waongezwe mradi ukiwa umetulia, mmoja mmoja.

Hatua ya 10: Pima timu, usipime vichwa

Vipimo vinne vya DORA, watafiti wa utendaji wa timu za programu, vinatosha: mnapandisha mara ngapi, mabadiliko huchukua muda gani kutoka kuandikwa hadi kupanda, mangapi kati yake huharibu kitu, na mkiharibu mnarejesha kwa muda gani. Vichore kila mwezi ukutani.

Mistari ya msimbo iache. Mwaka 1982 mameneja wa mradi wa kompyuta ya Lisa pale Apple walitaka kila mhandisi ajaze fomu ya mistari aliyoandika kwa wiki. Bill Atkinson alikuwa ameandika upya sehemu ya michoro ikawa fupi na ya kasi zaidi, akajaza hasi 2,000. Hawakuendelea kumdai fomu hiyo.

Hatua ya 11: Nenda likizo

Baada ya miezi sita, chukua wiki mbili. Zima WhatsApp ya kazi kweli kweli. Mwachie daftari mmoja wa vijana, aandike kila kitu kilichokusubiri wewe: uamuzi gani, ruhusa gani, nywila gani. Ukirudi, lisome kabla ya barua pepe. Kila mstari uliomo una mtu anayeweza kukabidhiwa jambo hilo moja kwa moja. Andika jina lake pembeni, mkabidhi kabla ya Ijumaa, na panga likizo inayofuata.